Ukiacha Tumbako, Mwili Hudai Chakula Chake

Somo la kusomwa na kujadiliwa katika vikundi vya kujisaidia



Katika somo hili tunataka kuongea juu ya tumbako na uzito wa mwili. Ni jambo ambalo watu wengi hulisema, kila mtu kwa namna yake. Mmoja atasema, "Niliacha sigara, sasa ona tumbo limetoka." Mwingine atasema, "Mama wa boma lile aliacha kutafuna, njaa ikamsumbua mpaka akarudia." Na wa tatu atasema, "Tumbako ni chakula cha maskini. Mkituondolea hiyo, tutakula nini?"

Maneno hayo si ya kuchekwa. Ndani yake kuna ukweli, na kuna kosa pia. Tukiyaacha hivyo hivyo, mtu anayetaka kuacha tumbako ataogopa, na aliyeacha atarudia. Kwa hiyo hebu tuyachambue pole pole.

Mwisho wa somo, kila mwanakikundi aweze kueleza mambo matatu: kwanza, kwa nini anayetumia tumbako huwa mwembamba, pili, kwa nini akiacha huongezeka uzito, tatu, ni nani afurahie uzito huo na ni nani auangalie. Somo ni refu kidogo. Mnaweza kuligawa kwa mikutano miwili. Anayejua kusoma awasomee wengine kwa sauti.

TUMBAKO TUNAYOIZUNGUMZIA

Kwetu Turkana tumbako, au etaba, si kitu cha vijana wa mjini peke yao. Wazee hutafuna, akina mama hutafuna, wengine hunusa ugoro, na wengine huvuta sigara. Wazee wakikaa chini ya mti kuongea mambo ya mahari, tumbako hupita mkono kwa mkono. Kumnyima mzee tumbako ni kama kumnyima salamu. Kwa hivyo hatusemi juu ya tabia mbaya ya mtu mmoja. Tunasema juu ya kitu kilichoingia katika heshima na undugu, na lazima tukiseme kwa adabu.

Nchi nzima ilipochunguzwa mwaka 2014, watu wazima karibu 12 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa wakitumia tumbako ya aina fulani. Kwa sigara, wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake kwa mbali sana. Lakini kwa tumbako isiyo na moshi, tofauti kati ya wanawake na wanaume ilikuwa ndogo. Basi hili ni jambo la akina mama pia.

Wengine hufikiri kwamba ubaya uko katika moshi tu, na kwamba mwenye kutafuna yuko salama. Hapana. Kitu kinachomshika mtu ni nikotini, na nikotini iko katika sigara, katika ugoro na katika donge la kutafuna. Mwenye kuvuta huipata haraka kupitia mapafu. Mwenye kutafuna huipata pole pole kupitia ngozi laini ya mdomo, lakini hukaa nayo muda mrefu zaidi. Na mnajua watu huchanganya tumbako na magadi ili iwe kali. Kazi ya magadi ni hiyo hasa: huifungua nikotini ipite upesi kuingia katika damu.

Tena, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba tumbako isiyo na moshi huleta saratani ya kinywa, ya umio (njia ya chakula) na ya kongosho. Kama una kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, au doa jeupe pale unapoweka donge, usingoje. Nenda ukaonyeshe katika kituo cha afya.

MWILI NI KAMA MOTO WA JIKO

Sasa tuje kwenye uzito. Fikirini moto ulio katikati ya mafiga matatu. Ukiweka kuni, unawaka. Ukikosa kuni, unazima. Mwili nao una moto wake, na kuni zake ni chakula. Hata ukilala usingizi, moto huo haulali. Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, damu inakaa na joto lake, ngozi iliyochubuka inajengwa upya. Kazi hizi zote zinakula kuni. Wataalamu huita kazi hii umetaboli, maana yake ni jinsi mwili unavyotumia chakula kuishi, kujijenga na kufanya kazi.

Ukila zaidi ya kile moto unachohitaji, mwili huweka akiba, na akiba yenyewe ni mafuta. Ukila pungufu, mwili huchukua kutoka katika akiba. Akiba ikiisha, unaanza kula misuli yake wenyewe. Mfugaji anaelewa jambo hili bila shule, maana ameliona kwa ngamia na kwa mbuzi. Wakati wa akiporo, mvua ikinyesha na majani yakiota, mnyama hunenepa. Wakati wa akamu, kiangazi kikikaza, mnyama huishi kwa mafuta aliyojiwekea.

JINSI TUMBAKO INAVYODANGANYA

Nikotini hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza, hupuliza moto. Moyo hupiga haraka zaidi, na mwili hutumia kuni nyingi kuliko kawaida. Mwaka 1986 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Uswisi kwa wavutaji 8. Walipimwa siku wakivuta sigara 24, wakapimwa siku nyingine bila kuvuta. Siku ya kuvuta, miili yao ilichoma nguvu zaidi kwa karibu asilimia 10, yaani kama kalori 200 kwa siku. Hizo ni sawa na kikombe kikubwa cha maziwa, au gramu 55 hivi za unga wa mahindi. Kila siku mvutaji anamwaga maziwa hayo motoni, wala hayamfaidii lolote.

Jambo la pili, hufunga mdomo wa njaa. Katika ubongo kuna sehemu inayosema "kula" na "imetosha". Nikotini hugusa sehemu hiyo na kuifanya iseme "imetosha" hata kama mtu hajala. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya ni chembe zipi za ubongo zinazoguswa hivyo.

Hebu sasa tuweke mambo hayo mawili pamoja. Tumbako inaongeza matumizi na inapunguza mapato. Mtu wa duka akifanya hivyo, duka litafungwa. Ndiyo maana mtumiaji wa tumbako mara nyingi huwa mwembamba kuliko vile angekuwa bila tumbako.

Je, tumbako ni chakula cha maskini? Hapana. Haina nguvu ya kujenga mwili hata kidogo. Njaa ni kama mtoto mchungaji anayekuja mbio nyumbani kusema fisi ameingia katika mbuzi. Ukimziba mtoto mdomo, kelele itaisha, lakini fisi hajaondoka. Anaendelea kula. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Njaa nayo ikifichwa na tumbako, haijaponywa.

MTU AKIACHA: MIEZI YA KWANZA

Siku tatu za kwanza ndizo ngumu kabisa. Mtu huwa mkali, hapati usingizi vizuri, kichwa kinauma, na mawazo yote yako kwa tumbako. Hali hii hupungua, na kwa wengi baada ya wiki mbili hadi nne imetulia. Lakini hamu ya kula hukaa muda mrefu kuliko hayo mengine.

Kwa nini? Kwanza, yule mtoto mchungaji sasa ameachiliwa aseme. Njaa iliyokuwa imefichwa inasikika. Pili, ulimi na pua zinapona, na chakula kinakuwa na ladha ambayo mtu alikuwa ameisahau. Tatu, mdomo na mkono zimezoea kazi. Mtu aliyezoea donge shavuni au sigara mkononi hutafuta kitu cha kuweka mahali pake, na mara nyingi anachokiona ni mandazi, chai ya sukari nyingi au peremende. Nne, ule moto uliokuwa unapulizwa umetulia, na kuni zilizokuwa zinapotea sasa zinabaki.

Uzito unaongezeka kiasi gani? Mwaka 2012 watafiti walikusanya tafiti 62 za watu walioacha sigara bila kutumia dawa. Kwa wastani, mtu aliongezeka kilo 1 hivi katika mwezi wa kwanza, karibu kilo 3 kufikia mwezi wa tatu, na kilo 4 hadi 5 kufikia mwaka mmoja. Angalieni kwamba sehemu kubwa huja katika miezi mitatu ya kwanza, kisha mwendo unapungua. Wala si kila mtu hunenepa. Kati ya kila watu 100, 16 walipungua uzito, na 13 waliongezeka zaidi ya kilo 10.

Basi mtu akikuambia, "Ukiacha tumbako utavimba kama puto," mwambie hesabu ni kilo 4 au 5 kwa wastani.

JE, KUONGEZEKA UZITO NI KUBAYA?

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Vitabu vingi juu ya kuacha sigara vimeandikwa kwa watu wa nchi ambako chakula ni kingi. Vinauliza, "Utafanyaje usinenepe?" Lakini swali hilo si la kila mtu katika Turkana. Tuchukue mifano miwili ya kufikiria.

Mzee mmoja yuko Kaikor. Urefu wake ni mita 1.70, uzito wake kilo 48. Ametafuna tumbako tangu ujana. Kwa kipimo kinachotumika hospitalini, mtu wa urefu huo hahesabiwi kuwa amekonda mno akiwa na kilo 53 na nusu au zaidi. Mzee huyu akiacha tumbako na kuongezeka kilo 5, atafika 53. Yaani bado yuko mlangoni, hajaingia ndani. Kweli watu wetu kwa maumbile ni warefu na wembamba, na wembamba peke yake si ugonjwa. Lakini kwa mzee huyu kilo hizo 5 ni akiba ya kumvusha kiangazi, na nguvu ya kupigana na homa. Asiziogope. Azishangilie.

Mama mwingine yuko Lodwar na ana kibanda cha biashara. Urefu wake ni mita 1.65, uzito wake kilo 74. Kwa urefu huo, zaidi ya kilo 68 huhesabiwa kuwa uzito umezidi. Akiacha sigara na kuongezeka kilo 5, atafika 79. Huyu aangalie sahani yake na mwendo wake. Lakini na yeye tunamwambia aache tu. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa Marekani. Kwa walioacha sigara wakanenepa, hatari ya kupata kisukari ilipanda katika miaka ya kwanza, ikafika juu kati ya mwaka wa 5 na wa 7, kisha ikaanza kushuka. Na pamoja na kunenepa, vifo vyao vya ugonjwa wa moyo vilikuwa vichache kuliko vya wale walioendelea kuvuta. Kilo chache haziwezi kulinganishwa na tumbako. Tumbako ni mbaya zaidi kwa mbali.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mwenzako "utanenepa", muulize kwanza amesimama wapi. Kituo cha afya kina mizani.

KAIKOR SI LODWAR

Kuna sababu ya pekee kwetu ya kutofautisha boma na mji. Mwaka 2020 watafiti wa Kenya na wa nje walichapisha uchunguzi wa Waturkana watu wazima zaidi ya 1,200. Waliwapima wafugaji wanaoishi kwa desturi ya zamani, wakapima walioacha kuchunga lakini wakabaki mashambani, na wakapima waliohamia mijini. Wafugaji walikuwa na afya njema ya moyo na ya damu. Walioacha kuchunga wakabaki mashambani hawakutofautiana nao sana. Lakini wale wa mijini walikuwa na mafuta mengi mwilini, na shinikizo la damu na sukari vilikuwa vimeharibika zaidi.

Mwaka 2025 watafiti hao wakachapisha jambo lingine. Walieleza kwamba katika maelfu ya miaka ya kuishi katika ukavu, miili ya Waturkana imejizoesha kutunza maji, na kwamba chakula cha wafugaji hawa kwa sehemu kubwa sana hutoka kwa mifugo: maziwa, nyama na damu. Mwili uliozoea hivyo unafanya kazi vizuri porini. Ukihamishiwa mjini, penye soda, mkate, mafuta ya kukaanga na kukaa kitako mchana kutwa, ule uzoefu unaweza kugeuka kuwa hatari.

Hii inatuhusu vipi katika mambo ya tumbako? Kijana anayeacha sigara Kakuma au Lodwar huacha akiwa karibu na duka. Njaa yake mpya inakutana na mandazi na soda. Mchungaji anayeacha kutafuna Kaikor, njaa yake mpya inakutana na maziwa kama yapo, na mwendo wa kutwa nyuma ya mbuzi. Kuacha ni kule kule, lakini kinachofuata si sawa. Basi ushauri nao usiwe mmoja kwa wote.

Kwa wa mjini tunasema hivi: punguza sukari katika chai, kunywa maji ukisikia hamu, kisha ungoje kidogo kabla ya kula, tembea kwa miguu badala ya kupanda bodaboda kwa safari fupi, kula maharagwe, mboga za majani na maziwa kuliko vitu vya kukaangwa. Lakini usijinyime chakula kabisa katika wiki za kwanza. Anayepigana na njaa na tumbako kwa siku moja hushindwa na zote mbili.

SWALI GUMU: NA WAKATI WA UKAME?

Sasa tunafika mahali ambapo hatutaki kusema maneno matamu. Toka mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Mifugo ilikufa. Katika siku kama hizo mama huwagawia watoto uji uliopo, kisha yeye hutia tumbako mdomoni na kulala. Mtu akimwambia "acha tumbako, ni mbaya," atajibu, "Nikiacha, wewe utanipa chakula?" Ana haki ya kuuliza.

Jibu letu ni hili. Tumbako haimsaidii mama huyo kuishi na kidogo alichonacho. Inamfanya asisikie, huku ikipuliza moto wa akiba yake ndogo. Tena kuna ubaya wa pili ambao hauonekani upesi. Mama asiyesikia njaa hasemi ana njaa. Asiposema, mumewe hajui, kikundi hakijui, na mwenye kuandika majina ya msaada hajui. Watoto hupimwa, lakini mama anakonda kimya kimya. Njaa iliyosemwa inaweza kusaidiwa. Iliyozibwa mdomo haisaidiwi na mtu.

Kwa hiyo kikundi kisimwambie mtu mwenye njaa aache tumbako halafu kiende zake. Kama mtamshauri aache, mjue mmechukua kazi ya kuuliza, "Leo umekula nini?" Na kwa mtu ambaye si mjamzito, kama anaweza kuchagua, ni vyema aanze wakati wa akiporo, maziwa yakiwepo. Hamu ikija, ikute kibuyu kina kitu. Lakini ukweli ni kwamba siku yoyote ya kuacha ni nzuri kuliko kutoacha.

MAMA MJAMZITO ASINGOJE

Mama mwenye mimba asingoje mvua wala mkutano. Nikotini hubana mishipa ya damu, na damu inayokwenda kwa mtoto inapungua. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo, au kabla ya wakati, au akiwa amekufa. Ni hivyo kwa moshi, na tumbako ya kutafuna nayo si salama.

Wengine hushauriana kwamba mtoto akiwa mdogo kuzaa kutakuwa rahisi. Ushauri huo ni wa hatari. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo hana akiba, na ugonjwa kidogo humchukua. Mama mjamzito akiacha, uzito anaoongeza ni wa watu wawili. Mumewe na mama mkwe wamsaidie, wala wasitafune mbele yake.

Katika kituo cha afya hupima mkono wa mama kwa utepe. Mkono wa mama mjamzito au anayenyonyesha ukiwa chini ya sentimita 21, mama huyo anahitaji chakula cha nyongeza. Aombe kupimwa. Asione aibu.

KIKUNDI KIFANYE NINI

1. Hesabuni bila kulaumu. Ni wangapi kati yenu hutumia tumbako? Ni wangapi wangetaka kuacha? Wazee waulizwe kwa heshima yao, si mbele ya vijana wao.

2. Waache wawili wawili. Anayeacha peke yake hushindwa upesi. Kila mmoja awe na mwenzake wa kumwambia, "Leo nimebanwa," na mwenzake aje akae naye mpaka hamu ipite. Hamu moja kwa kawaida hupita katika dakika chache.

3. Upeni mdomo kazi nyingine. Kijiti cha esekon, yaani mswaki, kiko karibu na hakina nikotini. Matunda yetu kama edome na eengol, wakati wake yakiwepo, ni bora kuliko peremende.

4. Pimeni uzito siku ya kuanza, kisha baada ya mwezi mmoja, mitatu na sita. Andikeni katika daftari la kikundi kama mnavyoandika akiba. Aliyekonda akiongezeka, mpigieni makofi. Wa mjini akiongezeka sana, mshaurieni mapema.

5. Angalieni wanaopungua. Mtu aliyeacha tumbako na bado anazidi kukonda, tena ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi na jasho la usiku, apelekwe kupimwa kifua kikuu. Mvuta sigara yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo.

6. Msiwatume watoto dukani kununua tumbako. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbako ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Mwenye duka akumbushwe kwa upole.

7. Ulizeni dawa. Kuna chingamu na plasta za nikotini za kumsaidia mtu kuacha pole pole. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu. Hazipatikani kila mahali, kwa hiyo ulizeni hospitalini mnapokwenda Lodwar au Kakuma. Zisipopatikana msikate tamaa. Wengi wameacha bila dawa.

8. Aliyerudia asifukuzwe. Watu wengi huacha mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa. Muulizeni ni nini kilimrudisha. Kama ni njaa, mmepata kazi ya kikundi.

Na desturi ya kugawiana tumbako? Si lazima heshima ife pamoja na tumbako. Kinachomheshimu mzee ni kupewa kwa mkono na kuketi naye. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba katika mikutano yake mzee atapewa chai ya maziwa kwanza. Wazee wenyewe ndio waamue, maana desturi haibadilishwi na watoto.

HESABU YA PESA

Tuseme mtu anatumia shilingi 20 kwa siku. Huu ni mfano tu. Ninyi wekeni bei yenu. Kwa mwezi ni shilingi 600. Kwa mwaka ni shilingi 7,300. Kikundi chenye watumiaji 10 huchoma na kutema shilingi 73,000 kwa mwaka. Ulizeni sokoni kwenu, pesa hiyo ni mbuzi wangapi? Ni magunia mangapi ya mahindi?

Tunashauri aliyeacha aweke pesa ya wiki ya kwanza katika chakula chake mwenyewe, si katika akiba. Mwili wake ndio unaodai kwanza, na deni hilo ni la miaka. Kuanzia mwezi wa pili, sehemu iende kwa mweka hazina. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika boma zetu, nani husema "nina njaa" na nani hunyamaza? Kwa nini?

2. Mtu akiongezeka uzito hapa kwetu, watu husema nini juu yake? Je, maneno hayo ni sawa kwa Kaikor na kwa Lodwar?

3. Mzee wa kilo 48 na mama wa kilo 74 wote wanataka kuacha. Mngempa kila mmoja ushauri gani?

4. Ni mwezi gani wa mwaka ungefaa kikundi chetu kuanza? Nani hawezi kungoja mwezi huo?

5. Kikundi kikiamua kusaidia wanaoacha, kitafanya nini siku ambayo mwenzetu atasema hajala?

Swali la tano msiliache bila jibu. Andikeni jibu lenu katika daftari pamoja na majina ya watakaohusika, na siku ya kuanza.